Kuhamisha Bima ya Ng'ombe Mwenye Historia ya Ugonjwa: Soma Kabla Hujatia Sahihi

Wiki mbili zilizopita alinijia kijana mmoja anayefuga Goba. Ana ng'ombe wanne wa maziwa, maziwa anayashusha Mwenge asubuhi na mengine yanakwenda kwenye migahawa miwili ya Sinza. Alikuja na karatasi mbili mkononi. Moja ni barua ya kampuni yake ya bima, kwamba mkataba unakwisha mwisho wa mwezi na ada ya kuendelea imepanda. Ya pili ni makadirio ya kampuni nyingine, ada iko chini kabisa, na wakala ameshamwambia, "Tia sahihi tu kaka, mengine tutayamaliza sisi."

Akaniuliza, "Dokta, nihame nisihame?"

Nikamuuliza swali moja tu: wote wanne ni wazima? Akanyamaza kidogo. "Wazima, ila yule mweusi kiwele chake kinasumbua. Lakini anakamuliwa, dokta, hajalala chini hata siku moja."

Sasa somo la leo limo kwenye lile neno "ila". Vijana wengi mliochukua mikopo ya ng'ombe mnalazimika kuwa na bima, na kila mwaka mnapigiwa simu na mawakala wenye bei nzuri zaidi. Kuhama siyo kosa, na bei nzuri siyo dhambi. Lakini ukiwa na mnyama ambaye tayari ana tatizo la afya, au aliwahi kuwa nalo, kuhama kunaweza kukuacha unalipa ada mwaka mzima kwa bima ambayo siku ya msiba haitakulipa kitu.

Kwanza tuelewane bima hii inalipa nini

Bima ya ng'ombe tunayoizungumzia hapa, kwa sehemu kubwa, ni bima ya kifo. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, ajali, moto, radi, kuumwa na nyoka au matatizo ya kuzaa, unalipwa thamani yake iliyoandikwa kwenye mkataba, ukitoa ile sehemu unayobeba mwenyewe. Mikataba mingi inaongeza kuchinjwa kwa dharura, kama daktari wa mifugo ameandika kwamba mnyama haponi. Wizi mara nyingi ni nyongeza unayolipia pembeni.

Haikulipi maziwa yaliyopungua. Dawa na daktari wa kila wiki kwa kawaida hazimo. Na haikulipi ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa wenye chanjo ambao wewe hukuchanja, kama mkataba ulikutaka uchanje. Hili la mwisho linawaumiza watu kila mwaka, kwa sababu kadi ya chanjo iko nyumbani kwa yule kijana wa banda aliyeacha kazi.

Wenzetu wafugaji wa kaskazini ya Kenya wana bima ya aina nyingine. Ilianza Marsabit mwaka 2010, na haimwangalii ng'ombe mmoja mmoja. Inaangalia picha za setilaiti, malisho yakikauka kupita kiwango fulani wafugaji waliojiunga wanalipwa, hata kama ng'ombe wako anakohoa tangu mwaka juzi. Kwenye bima ile historia ya ugonjwa haina kazi. Sisi wa Dar tunaofungia ndani na kununua majani, hiyo haitufai. Ya kwetu inamtazama mnyama mwenyewe, na ndiyo maana afya yake ya jana ina bei.

Hata wanaofuga mbwa wa ulinzi na paka wajue kuwa kule Uingereza, ambako bima ya mbwa ni jambo la kawaida, kilio chao kikubwa ni hikihiki: mbwa akishaumwa nyonga au kisukari, kampuni mpya humpokea lakini ugonjwa ule inauacha mlangoni.

"Ugonjwa uliokuwepo" ni upi?

Hapa ndipo watu wanajichanganya. Wengi wanadhani ni ugonjwa uliomwangusha mnyama siku ile ya kujaza fomu. Siyo. Fomu nyingi zinauliza ugonjwa, jeraha au dalili yoyote uliyoijua kabla bima haijaanza, iwe imetibiwa au haijatibiwa. Yule mweusi wa Goba ametibiwa robo moja ya kiwele mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kwa zile sindano za dawa zinazoingizwa kwenye chuchu. Anakula, anacheua, anatoa lita kumi. Kwa macho yako ni mzima. Kwa macho ya kampuni ni ng'ombe mwenye ugonjwa sugu wa kiwele.

Na kweli ni sugu. Kuna bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, huyu anajificha ndani ya nyama ya kiwele mahali ambapo dawa haifiki vizuri. Maziwa yanasafika wiki tatu, kisha mabonge yanarudi. Ukiona robo imekuwa ngumu kama ubao na ugonjwa unarudi palepale, usijidanganye kwamba umepona.

Ndigana kali ni habari nyingine. Ng'ombe aliyeugua akapona anabaki na vimelea kidogo mwilini, na hata yule aliyechanjwa kwa ile chanjo ya kuchoma na kumpa oksitetrasaiklini ya muda mrefu kwa wakati mmoja anaweza kubaki nao. Lakini kwa kawaida huyu ana kinga, na kinga ni jambo zuri kwa kampuni. Kwa hiyo usiogope kuandika kwamba aliugua ndigana. Andika aliugua lini, alitibiwa na nani, alipona lini. Historia iliyofungwa vizuri haifanani na tatizo linaloendelea.

Yapo mengine ambayo wafugaji hawayahesabu kabisa kama ugonjwa: kizazi kilichotoka nje wakati wa kuzaa, kondo la nyuma lililobaki, kuzaa kwa kuvutwa, kwato zinazooza kila masika, mimba iliyotupwa. Yote yanaulizwa. Mimba yenyewe siyo ugonjwa lakini nayo itaulizwa, ina miezi mingapi, kwa sababu kuzaa ni kipindi cha hatari.

Nini kinatokea siku unapohama

Ukihama, saa inaanza kuhesabu upya. Mikataba mingi ina kipindi cha kungojea mwanzoni, tuseme siku 14, 21 au 30, ambapo kifo cha ugonjwa hakilipwi, kinalipwa cha ajali tu. Kwa kampuni yako ya zamani kipindi hicho ulishakipita mwaka wa kwanza. Kwa mpya unakianza moja. Kama mkataba wa zamani umekwisha tarehe 30 na mpya umeanza tarehe 1, kwenye karatasi umeunganisha vizuri, lakini kwa ukweli una wiki kadhaa ng'ombe wako hana kinga ya ugonjwa wowote, hata ule mpya kabisa uliomwingia juzi.

Pili, kampuni mpya itataka cheti cha afya. Hapa niseme kitu kuhusu hili jina la "dokta" mnaloniita. Naliitikia kwa sababu ya heshima, lakini mimi ni afisa mifugo. Cheti cha bima kwa kawaida kinatakiwa kisainiwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mimi naweza kukusaidia kumbukumbu, kukupimia kiwele, kukuelekeza. Sahihi yangu peke yake inaweza kukuponza siku ya madai.

Tatu, kampuni mpya ikishajua tatizo, inaweza kumkataa mnyama, kumpokea kwa ada ya juu, au kumpokea na kuandika kifungu kwamba tatizo lile halifidiwi. Kile kifungu kisome neno kwa neno. "Haitalipa kifo kitokanacho na ugonjwa wa kiwele" ni kitu kimoja. "Haitalipa kifo kitokanacho na ugonjwa wowote wa kiwele, uzazi au maambukizi" ni kitu kingine kabisa, hapo umebakiwa na radi na nyoka.

Na sasa nigeuze upande wa pili, maana wapo wanaosema basi mtu abaki alipo milele. Mkataba wa ng'ombe kwa kawaida ni wa mwaka mmoja. Kampuni ya zamani nayo, unapoendelea mwaka mpya, inaweza kutaka uchunguzi mpya, ikapandisha ada au kuongeza kifungu hichohicho. Kubaki kunakuokoa na kipindi cha kungojea na maswali ya mwanzo, lakini siyo ahadi ya maisha. Kwa hiyo kabla hujalinganisha bei, ipigie kampuni yako uulize kwa maandishi: mwakani huyu mweusi mtampokea kwa masharti gani? Kijana wa Goba hakuwa ameuliza. Alidhani ada imepanda kwa sababu ya mweusi. Kumbe imepanda kwa wote wanne.

Kuficha

Wakala alimwambia asiandike. "Kiwele nani atakiona?" Ninaandika hili kwa herufi za kawaida lakini ulisome kama limepigwa mstari: usifiche.

Mkataba wa bima unasimama juu ya nia njema kabisa. Wewe ndiye unayemjua mnyama, kampuni haimjui, kwa hiyo sheria inakubebesha wewe mzigo wa kusema kila jambo ambalo lingeibadilisha kampuni uamuzi wake. Ukificha, kampuni inaweza kuufuta mkataba kana kwamba haukuwahi kuwepo. Na inaweza kukataa hata kama ng'ombe amekufa kwa kitu kingine.

Utajulikanaje? Mzoga unasema. Daktari akipasua anakuta robo ya kiwele imegeuka kovu gumu, na kovu la namna ile halijengeki kwa siku tano. Niliwahi kusimama kwenye uchunguzi wa mzoga wa ng'ombe aliyekatiwa bima miezi miwili tu. Mwenye mali alisema alikuwa mzima kabisa. Tulipofungua tulikuta kipande cha waya wa ujenzi kimetoka tumboni kikaingia kwenye mfuko wa moyo, usaha mzito umejaa, utando umekuwa mnene kama ngozi ya kiatu. Huo ni ugonjwa wa muda mrefu. Na mtoa dawa alishaandika kwenye daftari lake, kabla ya bima, "ng'ombe hataki kuteremka, anasimama viwiko nje". Madai yalikataliwa. Shilingi milioni tatu na ushee zikaenda, na mkopo ukabaki palepale.

(Kwa sisi wa Dar waya ni adui wa kila siku, kwa sababu majani yanakatwa pembeni ya barabara na kwenye viwanja vinavyojengwa, na mabaki tunayatoa sokoni. Sumaku ya tumboni siyo ghali. Mpe mtamba mapema.)

Halafu mlalamikieni wakala atakayewaambia msiandike. Kampuni ikikataa madai, sahihi kwenye fomu ni yako, siyo yake.

Hesabu ya Goba

Tulikaa chini tukapiga hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuchukulie kila ng'ombe ana thamani ya shilingi 3,500,000, wanne ni 14,000,000. Kampuni ya zamani inataka asilimia 5, yaani 700,000 kwa mwaka. Mpya inataka asilimia 3.5, yaani 490,000. Tofauti ni 210,000. Kijana macho yalimng'aa hapo.

Lakini kampuni mpya ikimkataa mweusi, hesabu inabadilika. Watatu wazima kwa kampuni mpya ni 367,500. Mweusi peke yake kwa kampuni ya zamani ni 175,000. Jumla 542,500. Bado ameokoa 157,500, na mweusi hajaachwa nje. Njia hii ya kugawa kundi watu wengi hawaifikirii. Ina mtego mmoja: baadhi ya mikataba inataka ukate bima ya wanyama wote wa banda, ili usichague wagonjwa tu kuwaletea. Uliza kampuni zote mbili kabla, na wape jibu la kweli kwamba mwingine yuko wapi.

Kisha nikamwuliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko asilimia zote. Ugonjwa unaokataliwa, unaua? Kiwele sugu cha robo moja kwa kawaida hakiui. Kinakula maziwa yako, kinakula dawa, kinaambukiza wenzake kupitia mikono ya mkamuaji, lakini hasara hiyo bima hailipi, iwe ya zamani au mpya. Kwa hiyo kampuni mpya ikimpokea mweusi na kuandika kwamba kifo cha kiwele hakilipwi, amepoteza kidogo kuliko anavyoogopa. Siyo sifuri, maana kuna kiwele kikali kinachokuja siku chache baada ya kuzaa, maziwa yanakuwa maji, ng'ombe analala chini na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Ila hicho ni tofauti na hiki alichonacho, na ndiyo sababu ya kudai kifungu kiandike wazi: robo gani, ugonjwa gani.

Ingekuwa ni kizazi kinachotoka nje kila akizaa, au waya, ningemwambia asimguse, abaki alipo hata kwa ada ya juu. Hayo yanaua.

Na ingekuwa mimba zinatupwa, tusingeongelea bima kwanza. Kutupa mimba kunaweza kuwa brusela, na brusela inaambukiza watu, mkamuaji na mnywaji wa maziwa mabichi. Hapo unapima damu. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wako hapahapa Temeke, siyo safari. Maziwa yachemshwe, na mnyama mwenye majibu mabaya unazungumza na daktari jinsi ya kumwondoa, siyo jinsi ya kumkatia bima.

Ukiamua kuhama, fanya hivi

Anza siku arobaini na tano kabla ya mkataba kuisha, siyo siku tatu. Pima kiwele cha kila ng'ombe kwa CMT, ile dawa ya kumwagia kwenye kisahani chenye vyumba vinne, ni ya dakika chache na mimi nakuja nayo. Kusanya kadi za chanjo na risiti za dawa. Iombe kampuni ya zamani barua inayoonyesha umekuwa nao tangu lini na umedai mara ngapi. Mtu mwenye miaka mitatu bila madai ana la kusema mezani, hata akiwa na kiwele kimoja kibovu.

Mwombe mpya akuondolee kipindi cha kungojea kwa sababu umetoka kwenye bima nyingine bila kukatika. Wengine wanakubali. Wakikataa, acha mikataba miwili ipishane kwa muda huo, ukiwajulisha wote wawili. Utalipa kidogo zaidi, ila hulipwi mara mbili kwa ng'ombe mmoja, hilo lieleweke.

Kama kuna mkopo, benki yako inaingia. Mara nyingi jina lake limeandikwa kwenye bima kama mwenye haki ya kulipwa kwanza. Ukihama bila kuwaambia unaweza kuwa umevunja mkataba wa mkopo. Hii nayo kijana wetu hakuijua.

Hakikisha wakala amesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Uliza pia nani hasa anabeba hatari. Tangu kampuni za bima zilipoungana kwenye konsotia ya bima ya kilimo, inawezekana kabisa unabadili wakala tu, mbebaji akawa ni yuleyule, na faili la mweusi analo tayari. Lipa ada yote kabla ya tarehe ya kuanza, kwa sababu bila malipo hakuna bima, na lipia kwenye akaunti ya kampuni, siyo simu ya mtu.

Hereni ya sikioni ndiyo kitambulisho cha ng'ombe kwenye mkataba. India wafugaji wameshazoea msemo kwamba bila hereni hakuna madai, na huku inakwenda hukohuko. Ikidondoka, toa taarifa siku hiyohiyo, weka nyingine, namba mpya iingie kwenye bima. Akifa, piga picha hereni ikiwa bado sikioni, piga simu kampuni na daktari, usizike wala usiuze nyama kabla hajaonwa.

Ukikataliwa madai na unaona umeonewa, andika kwa kampuni kwanza na udai jibu la maandishi. Usiporidhika kuna TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kisheria kwa ajili ya watu wa kawaida kama sisi. Lakini ukienda kule na fomu uliyoficha ugonjwa, umekwenda kujishtaki.

Yule kijana aliandika kila kitu kwenye fomu. Kampuni mpya imewachukua watatu. Mweusi wamemwahirisha, ana mimba ya miezi saba, wamesema watakuja kumwangalia tena akishazaa na kiwele kikapimwa. Kwa sasa amebaki kampuni ya zamani kwa ada ileile iliyopanda, na wiki hii tunamkausha, robo ile tunaiwekea dawa ya kukaushia. Asiporudi vizuri baada ya kuzaa, mwenyewe ameshasema atamuuza kwa wachinjaji wa Vingunguti, baada ya siku za dawa kuisha mwilini, na pesa ile aongezee mtamba mwingine.